Usuluhishi wa Ndoa kwa Tulio Mbali: Kutoka Baraza la Kata Mpaka Mahakama ya Johannesburg

Safari hii somo letu halihusu kibali cha kusoma wala jinsi ya kutafuta chumba Braamfontein. Linahusu ndoa, tena ndoa yenye mgogoro wakati mmoja yuko huku Johannesburg na mwenzake yuko nyumbani. Wengi wetu tunaokuja kwa shahada ya pili na ya tatu tumeshaoa au kuolewa, na miaka mitatu minne ya kuishi mbalimbali si mchezo. Wengine wanaoana hapa hapa. Wengine wanapata watoto hapa bila kufunga ndoa. Mambo yakiharibika, swali la kwanza huwa ni lile lile: nianzie wapi?

Majibu ya vijiweni ni mawili, "nenda kwa wazee" au "tafuta wakili". Yote yana nafasi yake. Lakini kati ya wazee na wakili kuna kitu kinaitwa usuluhishi, na sheria za kwetu pamoja na za nchi hii zimekiweka mlangoni pa mahakama. Mtu asiyekijua anaweza kupoteza mwaka mzima na pesa nyingi, halafu akaambiwa arudi mwanzo.

Neno moja, kazi mbili

Tuanze na neno lenyewe, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Kiswahili chetu kinatumia "usuluhishi" kwa kazi mbili tofauti kabisa. Kazi ya kwanza ni kuwarudisha mume na mke pamoja: kuwaketisha, kusikiliza nani kakosa, kuomba radhi, kurudi nyumbani. Hiyo ndiyo tuliyokua tukiiona kwa wajomba na mashangazi, kwa mashekhe na wachungaji. Waislamu wanayo katika Kurani, Sura An-Nisaa, aya ya 35, inayoagiza kuteuliwa mwamuzi kutoka upande wa mume na mwingine kutoka upande wa mke. Wakenya wameipeleka mpaka redioni, nani hajasikia Patanisho ya Radio Jambo asubuhi?

Kazi ya pili ni kuwasaidia watu ambao wameshaamua kuachana, au mmoja wao ameshaamua, wakubaliane kuhusu watoto, nyumba, madeni na matunzo bila kupigana mahakamani. Hapa msuluhishi hana haja na nani alianza. Ndoa inaweza kuwa imekufa kabisa na usuluhishi ukahesabika umefaulu, mradi kuna makubaliano yaliyotiwa saini.

Sasa basi, mtu akienda kwa msuluhishi wa Johannesburg akitegemea kazi ya kwanza, atashangaa. Yeye kajiandaa kueleza jinsi alivyodharauliwa na wakwe, anaulizwa mtoto atakaa na nani likizo ya Desemba. Na mtu akienda kwenye baraza la kata nyumbani akitegemea kazi ya pili, naye atashangaa. Kaja na orodha ya mali, anaambiwa "mwanangu, ndoa ni kuvumiliana".

Tanzania: bila cheti hakuna kesi

Tanzania Bara ndiyo iliyoweka jambo hili wazi kuliko majirani zake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inasema mtu haruhusiwi kufungua shauri la talaka mpaka kwanza mgogoro upelekwe kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza hilo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza linatakiwa liwepo katika kila kata, na jumuiya za dini zinaweza kuwa na mabaraza yao yanayotambuliwa kisheria. Ndiyo maana utasikia fulani kapita BAKWATA na mwingine kapita kanisani. Baraza lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano.

Yapo mambo mawili ndani ya sheria hiyo ambayo mimi nayaona ya busara. La kwanza, wakili haruhusiwi kusimama mbele ya baraza. Mnakwenda wenyewe. La pili, mtu wa familia anaweza kumwakilisha mhusika, na kwa sisi tulio mbali hilo ni mlango mkubwa ambao watu wengi hawajui kama upo.

Baraza likishindwa linatoa cheti. Hicho cheti si karatasi ya kupamba faili. Kinatakiwa kiambatane na maombi ya talaka, na kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Kikipitwa na muda, unaanza upya. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mtwara, ilifuta mwenendo mzima wa shauri la talaka lililokuwa limeshapita ngazi zote za chini, kwa sababu hapakuwa na cheti halali cha baraza. Hebu fikiria: mmeshasikilizwa, hukumu imetoka, rufaa zimekatwa, halafu mnaambiwa kisheria shauri lilifunguliwa kabla ya wakati wake. Yule aliyedhani ameachika bado ni mke wa mtu.

Kwa walioana Kiislamu, utaratibu ni huo huo kwa upande wa serikali. Baraza linathibitisha limeshindwa, talaka inatolewa baada ya hapo, ndipo mahakama inatoa amri. Kwa hiyo ujumbe wa simu wenye maneno ya talaka, uliotumwa saa saba usiku kutoka Yeoville, hauwi hukumu ya talaka mbele ya mahakama. Kwa upande wa dini muulize shekhe wako, huko siingii. Zanzibar nako Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, Waislamu wanakwenda Mahakama ya Kadhi.

Je, kama mmoja yuko nje ya nchi?

Kifungu hicho cha 101 kina misamaha, na mmoja unatuhusu moja kwa moja: baraza linaweza kurukwa kama mlalamikiwa anaishi nje ya Tanzania na hakuna dalili kwamba ataingia nchini ndani ya miezi sita tangu shauri kufunguliwa. Upo pia msamaha pale mlalamikiwa anapokataa kwa makusudi kuhudhuria baraza, na mwingine pale mwenza amemtelekeza mwenzake na haijulikani aliko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bwana mmoja anasoma shahada ya uzamivu Wits. Mkewe yuko Morogoro na watoto wawili, na nyumba yao pale Kihonda imefika kwenye linta. Mke anakwenda kwenye baraza la kata, baraza linaandika wito. Bwana anausoma kwenye simu, anacheka, anasema "mimi niko Afrika Kusini, watanifanya nini?"

Watamfanya mengi. Akikaa kimya, mke anaweza kwenda mahakamani na kusema mume kakaidi wito, au yupo nje na harudi karibuni. Shauri linaendelea bila sauti yake kusikika barazani. Kama angekuwa na kawaida ya kurudi nyumbani kila Desemba, hoja ya miezi sita ingelegea, lakini nani ataisema hoja hiyo kama yeye amenyamaza? Njia yake nzuri ni kuliandikia baraza mapema, kueleza yuko wapi na anarudi lini, na kumtaja ndugu atakayesimama kwa niaba yake. Awe ndugu mwenye kichwa kilichotulia. Kaka mtu mwenye hasira ataharibu kuliko kutengeneza.

Na hapo kwenye nyumba ya Kihonda, bwana asijidanganye kwamba tofali zote ni zake kwa kuwa yeye ndiye aliyetuma pesa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kama mchango wake katika mali ya ndoa. Mabaraza mengi hayagusi mali kwa undani, kwa sababu kazi yao ni ile ya kwanza. Mali inabaki kugombaniwa mahakamani, na hapo ndipo ningetamani mabaraza yetu yaongezewe ujuzi wa kazi ya pili.

Johannesburg: meza ya pili

Tuje huku. Watu wengi hawajui kwamba mgeni anaweza kufungua shauri la talaka Afrika Kusini. Sheria ya Talaka namba 70 ya mwaka 1979 inaruhusu mahakama kusikiliza shauri kama mume au mke ana makazi ya kudumu katika eneo la mahakama, au kama anaishi kwa kawaida katika eneo hilo na ameishi nchini mfululizo kwa mwaka usiopungua mmoja kabla ya kufungua. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuangukia humo. Tangu 2010 si lazima kwenda Mahakama Kuu, mahakama za mahakimu za mikoa nazo zinasikiliza talaka kwa gharama nafuu zaidi.

Hapa hakuna baraza la kata na hakuna cheti cha kushindwa kupatana. Kilichopo kinahusu zaidi watoto. Sheria ya Usuluhishi katika Baadhi ya Mashauri ya Talaka, namba 24 ya 1987, ilianzisha ofisi ya serikali iitwayo Family Advocate. Jina linapotosha kidogo, maana huyo si wakili wako wala wa mwenzako. Kazi yake ni kuangalia maslahi ya mtoto, kuchunguza pale inapohitajika, na kuipa mahakama ripoti. Huduma yake hailipiwi.

Halafu ikaja Sheria ya Watoto namba 38 ya 2005. Kifungu cha 33 kinawataka wazazi wenye haki na wajibu juu ya mtoto, wanapopata matatizo katika kuutekeleza wajibu huo, wajaribu kwanza kukubaliana mpango wa malezi kabla ya kukimbilia mahakamani. Mpango huo wanausaidiwa na Family Advocate, mtaalamu wa ustawi wa jamii au mwanasaikolojia, au wanaupata kwa njia ya usuluhishi. Kifungu cha 21 kinamhusu baba ambaye hakumwoa mama wa mtoto. Wakibishana kama baba huyo ametimiza masharti ya kuwa na haki juu ya mtoto, mgogoro lazima upelekwe kwa msuluhishi. Kaka zangu mliopata watoto na dada wa hapa, kifungu hicho kisomeni mara mbili.

Kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria wa mji huu anaijua ni MB dhidi ya NB, iliyoamuliwa mwaka 2009 na Mahakama Kuu ya hapa hapa Johannesburg. Ilikuwa talaka ya watu wenye uwezo, wakigombania mali na ada ya shule ya mtoto. Jaji Brassey aliona mambo mengi kati ya yale yangeweza kumalizwa mezani kwa msuluhishi. Akawageukia mawakili wa pande zote mbili: kwa kuwa hawakuwashauri wateja wao wajaribu usuluhishi, akawawekea ukomo wa kiasi wanachoweza kuwatoza. Mawakili walikatwa mfukoni! Tangu siku hiyo neno "usuluhishi" lilianza kusikika vizuri zaidi katika ofisi za mawakili.

Baadaye ikaongezwa Kanuni ya 41A ya Mahakama Kuu, iliyoanza Machi 2020. Kila anayefungua shauri jipya lazima aambatanishe taarifa inayosema kama anakubali usuluhishi au anaukataa, na kwa nini. Na Aprili 2025 Jaji Dunstan Mlambo, aliyekuwa akiongoza Mahakama Kuu ya Gauteng, alitoa agizo kwamba mashauri ya madai yanayosubiri kusikilizwa kwa ushahidi yapitie usuluhishi kwanza. Sababu ilikuwa foleni: tarehe za kusikilizwa zilikuwa zimeshafika mwaka 2031. Ukipanga kumaliza digrii na kuondoka, 2031 haikusaidii.

Kikao chenyewe kikoje? Mnakaa chumba kimoja, au vyumba viwili msuluhishi akienda na kurudi. Hana mamlaka ya kuwaamulia. Mnayosema humo kwa kawaida hayatumiki dhidi yenu mahakamani, kwa hiyo mtu anaweza kusema "nyumba chukua, mimi nataka kuwaona watoto" bila kuogopa kunukuliwa baadaye. Mkikubaliana, yanaandikwa na mahakama inaweza kuyafanya amri yake.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi zaidi

Turudi kwa bwana wetu wa Wits. Tuseme ameshakaa mwaka na nusu, anaamua kufungua shauri hapa. Mahakama inaweza kumpa talaka. Lakini amri ya Johannesburg haiendi yenyewe Kihonda kugawa nyumba, na haiendi Morogoro kumwambia mtoto aje likizo. Kwa upande mwingine, mahakama ya Morogoro ikiamuru bwana atoe matunzo kila mwezi, kuzifikia randi zake zilizoko benki ya Braamfontein ni safari ndefu. Kila mahakama inashika upande wake wa mpaka.

Makubaliano ambayo wote wawili wameyafikia kwa hiari yanaweza kufika kote kuwili, kwa sababu hayategemei askari wa mahakama. Mke anajua atapata kiasi gani na kwa njia gani. Mume anajua atawaona watoto lini na nani analipa nauli. Katika hali kama yetu, kazi ya pili ya usuluhishi inafanya yale ambayo mahakama moja peke yake haiwezi. Ila lazima ukumbuke na karatasi ya kila nchi: kama talaka itafunguliwa Tanzania, cheti cha baraza kitahitajika hata kama mmeshakubaliana kila kitu mezani Johannesburg, labda muwe ndani ya ile misamaha. Wapo wanaodhani makubaliano yaliyosainiwa kwa msuluhishi wa hapa yanachukua nafasi ya cheti. Kwa nionavyo mimi, hilo ni jambo la kutojaribu, ukikumbuka ya Mtwara.

Katika makubaliano yahusuyo watoto, msisahau kuandika kuhusu safari. Kwa sheria ya Afrika Kusini, mtoto haondolewi nchini bila ridhaa ya walezi wake wote wa kisheria, isipokuwa mahakama iamue vingine. Mama anayetaka kumpeleka mtoto kwa bibi yake Bukoba anaweza kukwama uwanja wa ndege wa O. R. Tambo kwa kukosa barua ya baba. Andikeni mapema: nani anaweza kusafiri naye, kwa muda gani, nani anashika pasipoti.

Majirani kwa kifupi

Kenya ilichukua njia inayofanana zaidi na ya huku. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze usuluhishi na njia za jadi. Tarehe 4 Aprili 2016 usuluhishi unaosimamiwa na mahakama ulianza kwa majaribio Milimani, Nairobi, katika kitengo cha familia na kile cha biashara. Msuluhishi anapewa siku 60, zinazoweza kuongezwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inawaruhusu walioana kimila kupitia upatanishi wa mila kabla ya mahakama, na Wakristo kutumia huduma za kanisa lao. Ni ruhusa, si kama cheti cha Tanzania.

Uganda ina kanuni za usuluhishi za mwaka 2013 zinazotaka mashauri ya madai yapitie kwa msuluhishi kwanza. Ndugu zetu wa Kongo, wale wa Goma na Bukavu mnaojaza barabara ya Rockey pale Yeoville, mnayo Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, ambayo hakimu mwenyewe anawaita wanandoa kuwapatanisha kabla shauri halijasikilizwa. Huko ni kazi ya kwanza tena, ila anayeifanya amevaa joho.

Pale ambapo usikae mezani

Jambo hili nalisema taratibu, maana jamii yetu hapa ina tabia ya kulifunika. Kama kuna kipigo, vitisho, au mmoja ameshika pasipoti na kadi ya benki ya mwenzake, usuluhishi si mahali pa kuanzia. Kukubaliana kunataka watu wawili wanaoweza kusema hapana. Mwanamke anayejua kwamba akisema hapana atalipia usiku, atasaini chochote, na msuluhishi asiyeuliza vizuri ataona makubaliano mazuri.

Wazee wetu wa hapa, pamoja na heshima zote, mara nyingi wanakosea hapo. Wanaitwa Jumapili, wanakunywa chai, wanamwambia binti "usitutie aibu ugenini", wanaondoka. Afrika Kusini ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani namba 116 ya 1998, iliyoimarishwa 2021. Amri ya ulinzi inaombwa mahakama ya hakimu, fomu hailipiwi, huhitaji wakili wala uraia. Wenza wasiofunga ndoa nao wanahusika. Ukishakuwa salama, ndipo ufikirie meza, tena kwa vyumba viwili. Na kwa Tanzania, ile orodha ya misamaha inamalizika na hali za kipekee ambazo mahakama ikiziona zinafanya kwenda barazani kusiwezekane. Mweleze mwanasheria wako mapema yaliyokupata.

Unapokwenda

Kwa hapa Johannesburg unaweza kuanzia FAMSA, ambao wanatoa ushauri wa ndoa na usuluhishi, au Kliniki ya Sheria ya Wits, inayosaidia bure watu wenye kipato kidogo. Wasuluhishi binafsi wapo wengi, wanalipwa kwa saa. Kabla hujalipa, uliza swali moja: unafanya kazi ya kutupatanisha au ya kutusaidia kuachana vizuri? Akijibu zote kwa pamoja, mtake akueleze anaanza na ipi na anajuaje wakati wa kuhama.

Beba cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, orodha ya mali na madeni ya nchi zote mbili, na ratiba za likizo za shule, kwa sababu mwaka wa shule wa Afrika Kusini na wa nyumbani hazilingani kwa kila kitu na ugomvi wa tarehe huanzia hapo. Kama una cheti cha baraza kilichoandikwa kwa Kiswahili na unataka kukitumia katika mahakama ya hapa, kitahitaji kutafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa na Mahakama Kuu. Rafiki yako wa isimu, hata akiwa na alama za juu, hakubaliki.